Mwaka Marwa Alipopanda Paa Langu

Juzi tulimzika shemeji yangu Oloo kule Kisegi, na tangu nirudi Migori sijaweza kutulia. Nimefagia kisiagi changu cha nafaka nikarudia kukifagia. Nimefungua mashine ya kusagia, nikakagua mkanda ambao hauna kasoro, nikaufunga tena. Mume wangu Marwa amenitazama kutoka mlangoni akaniacha, kwa sababu ananijua: nikiwa na jambo kichwani mikono yangu hutafuta kazi, na ikiikosa huizua. Basi nimekaa kuandika. Wengi wakisimulia mwaka uliowafinyanga huchagua mwaka wa ujana, wa kuondoka nyumbani au wa kupata kazi ya kwanza. Wangu ulinikuta nimeshapita miaka hamsini, nina wajukuu, na nilidhani yote ya kunipata yameshanipata. Habari za wazazi wangu na utoto wangu naziacha, kwa kuwa mwaka huo haukuwa wao. Ulikuwa wangu, wa Marwa, na wa Oloo, ambaye sasa hawezi tena kunikatiza nikisimulia.

Ulianza mwezi wa Agosti, kwenye makambi ya kanisa letu la Kiadventista karibu na mji wa Homa Bay. Wakati wa makambi watu huacha shughuli zao wiki nzima, wakalala kwenye mahema na madarasa ya shule, wakasikiliza mahubiri tangu asubuhi hadi jua linapotua. Sisi wanawake wa Migori tulipewa darasa la watoto wadogo. Madawati yalisukumwa ukutani, magodoro yakatandikwa sakafuni, na juu ya vichwa vyetu zilining'inia picha za ng'ombe, kikombe na ndege, kila moja na jina lake chini. Wajane tulijikuta kona moja, hakuna aliyetupanga. Adhuhuri, wengine wakisinzia, kona yetu ilikuwa inacheka. Mwenzetu mmoja kutoka Rongo alisema mjane ni kama redio ya jirani: kila mtu ana maoni juu ya sauti yake, na hakuna anayenunua betri. Nilicheka na wenzangu, lakini nilipolala chali nikitazama ile picha ya kikombe niliona kwamba miaka saba tangu mume wangu wa kwanza, Zakayo, afariki nilikuwa nimeipitisha hivyo, nikipunguza sauti.

Siku ya tatu nilikuwa kwenye foleni ya nyoyo, yale mahindi na maharagwe yanayochemshwa pamoja, sahani ya bati mkononi, mtu aliye nyuma yangu akauliza kama bado naimba sauti ya pili au nimehamia ya kwanza. Sikuhitaji kugeuka. Nilikuwa nimeimba kando ya sauti ile katika kwaya ya vijana ya Muhuru Bay, zamani, wakati Marwa alipoletwa na mjomba wake aliyekuwa akinunua samaki pale. Marwa ni Mkuria. Hakujua Dholuo, mimi sikujua Kikuria, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, chake cha mpakani kikiwa kizuri kuliko changu cha sokoni. Alikuwa akinisahihisha, nami sikupenda kusahihishwa, ndiyo sababu nilinunua kamusi iliyokosa jalada nikaisoma ukurasa kwa ukurasa mpaka akakosa la kusahihisha. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu kati yetu. Nasema hivyo kwa sababu watu hupenda kudhani kulikuwa na moto wa zamani uliofunikwa na majivu. Hapakuwa na moto. Kulikuwa na urafiki wa watu wawili wanaoimba vizuri, kisha yeye akarudi kwao akamwoa Robi, mimi nikaolewa na Zakayo wa Kisegi, na maisha yakaenda.

Tulikula tukiwa tumekaa kwenye ngazi za darasa. Aliniambia Robi alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Nilimwambia habari za Zakayo. Aliuliza ninaishi wapi, nikamweleza kwamba kisiagi kiko Migori mjini na ndiko ninakolala siku za kazi, ila nyumba yangu ni ile ya Kisegi, kwa Zakayo. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mchungaji aliyewahi kuniuliza.

"Ijumaa jioni, dada Rispa, unafungua Sabato na nani?"

"Na kuku."

Alicheka, halafu kicheko kikaisha. "Mimi hata kuku wanakuwa wameshalala," alisema.

Kwa asiyejua: Sabato kwetu huingia jua linapotua Ijumaa, na watu wa nyumba moja hukusanyika waimbe, wasome, waombe. Nyumba ya mtu mmoja haina namna nzuri ya kulifanya hilo. Ukiimba peke yako unajisikia. Basi Ijumaa iliyofuata simu yangu ililia jua likiwa limegusa paa la duka la mbele, naye alikuwa amesimama uani kwake upande wa Kehancha, ng'ombe wakisikika nyuma yake. Tulijaribu kuimba pamoja, ikashindikana, kwa sababu mtandao ulichelewesha sauti na kila mmoja alimsikia mwenzake akiburuta. Nilimwambia ananiharibia wimbo. Akasema mimi ndiye niliyekuwa nikikimbia tangu Muhuru. Mwishoni tulikubaliana yeye aimbe mstari, anyamaze, nami niimbe unaofuata, na tuliendelea hivyo Ijumaa zote za Septemba na Oktoba, kama watu wanaovusha mzigo kutoka ng'ambo hadi ng'ambo.

Tulibishana pia juu ya lesoni, lile somo la Biblia la kila juma. Mimi husoma kwa mpango. Nataka kujua nani alisema, kwa nani, na kwa sababu gani. Yeye husoma neno moja akalitafuna wiki nzima. Jioni moja, tulipokuwa tukisoma juu ya sala, aliacha kusoma katikati ya mstari. Kisha akasema kwamba tangu Robi augue hakuwa ameomba. Alikuwa mzee wa kanisa, alisimama mbele, alisema maneno ya sala, lakini hakuwa ameomba. "Nilikuwa naenda kukaa tu," alisema, "kama mtu anayengoja gari na ameshaambiwa limepita." Sikumhubiria. Nilimwambia kwamba mimi nilikuwa najua Maandiko jinsi ninavyojua mashine yangu, kila kipande na mahali pake, na kwamba kwa muda mrefu mashine hiyo haikuwa imesaga kitu. Halafu akaomba. Ilikuwa sala fupi, yenye kigugumizi, na jina langu lilikuwa ndani yake. Nilipokata simu sikuweza kukaa. Nilizunguka uani hadi giza likaingia, nikijiambia kwa utaratibu kwamba mtu wa umri wangu haanzi mambo haya.

Tatizo halikuwa umri. Tatizo lilikuwa Kisegi. Kwetu Wajaluo, mume akifa, mjane hubaki mke wa boma la mumewe, na desturi humtaka arithiwe na mtu wa ukoo, ambaye huitwa jater. Nilikataa kurithiwa kwa sababu ya imani yangu, na shemeji Oloo, mkubwa wa nyumba baada ya Zakayo, hakunipiga wala kunifukuza. Alifanya jambo jepesi zaidi: aliiacha nyumba yangu. Kwa desturi, nyumba ya mjane asiyerithiwa haiguswi. Jater ndiye huitengeneza, na mwanamume yeyote anayeitengeneza kwa hiari yake amejitangaza. Fundi wa kulipwa hahesabiwi, yule ni mfanyakazi tu, lakini mafundi wa karibu wote walikuwa wa ukoo na hakuna aliyethubutu. Mabati yakaoza. Mvua ya vuli mwaka ule ilininyeshea kitandani.

Nililitafakari jambo hilo kama ninavyotafakari kila jambo, nikapata njia. Ningeleta fundi Mkisii kutoka Migori, mtu wa kulipwa, asiye na ukoo kwetu, na desturi isingekuwa na neno. Marwa aliposikia alisema atakuja na ndugu wawili wa kanisa wabebe mabati na mbao. Nilikubali. Nilimweleza kuhusu fundi. Sikumweleza kwa nini lazima awe fundi, kwa sababu niliona aibu kumweleza mwanamume ninayezungumza naye Ijumaa jioni habari za nani hupanda paa la mjane.

Ilikuwa Jumapili ya Januari, jua kali, ziwa linang'aa chini kama sufuria iliyosuguliwa. Fundi alichelewa. Mimi nilikuwa jikoni nikisonga ugali wa mtama na kukaanga omena, dagaa wa ziwani, nikisikia wanaume wakiongea nje, kisha nikasikia nyundo. Nilifurahi, nikadhani fundi amefika. Halafu nikasikia kigelegele kutoka njiani, kile kirefu cha harusi. Nikatoka na mwiko mkononi. Marwa alikuwa juu ya paa langu, ameng'oa bati lililooza na kupigilia jipya, misumari mdomoni, jasho likimtiririka. Njiani walikuwa wamesimama wanawake wenye ndoo za maji, na mbele yao Mama Akeyo, jirani yangu ambaye hajawahi kupitwa na jambo.

"Nyar Muhuru," aliniita, binti wa Muhuru, kama watu wa kule wanavyoniita, "umepata mtu na hukutuambia? Hata pilau tusipike?"

Marwa alitoa misumari mdomoni. "Habari za mchana, akina mama! Tunamaliza hili moja tu, lile lingine tunamwachia fundi."

"Hilo moja linatosha, baba," alisema Mama Akeyo, na wale wanawake wakacheka mpaka maji yakamwagika. Marwa alicheka nao. Alidhani ni furaha ya kumwona mgeni mwenye bidii.

Oloo alifika kabla chakula hakijapoa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, na sijawahi kumwona akikimbia kwa jambo lolote. Alilitazama lile bati jipya lililokuwa likimulika katikati ya yale mekundu ya kutu. Alimsalimu Marwa kwa heshima, kwa Kiswahili. Alimweleza, bila ukali, alichokuwa amefanya. Niliona uso wa Marwa ukibadilika huku akielewa, na alishuka ngazi polepole kama mtu anayeshuka akiwa amebeba kitu kinachovunjika. Oloo aliendelea kusema kwamba sasa kuna njia mbili. Ama Marwa awe jater, alale katika nyumba ile na kufuata mambo ya ukoo, ingawa hajawahi kuona Mkuria akifanya hivyo, au aniondoe niende kwao. Na nikiondoka, nimeondoka. Nisihesabiwe tena mke wa Zakayo. Na mwanangu mkubwa, Ochieng', aliyekuwa anataka mwaka ule kuhama na kuanzisha boma lake, asimtegemee baba yake mdogo kumtangulia kwenye kiwanja kipya na jogoo na shoka kama desturi inavyotaka, kwa sababu mtu hatangulii mtoto ambaye mamake amekata kamba.

"Mimi sitaki kumrithi," Marwa alisema. "Nataka kumwoa. Kanisani."

Hakuwa ameniambia mimi. Nililisikia pamoja na wanawake wa maji. Mwiko ulikuwa bado mkononi mwangu, na ule ugali nilikuja kuula peke yangu jioni, umekauka.

Miezi iliyofuata sikuwa na mahali. Migori nilitamani Kisegi, Kisegi nilitamani kuondoka kabla sijakaa. Huko kanisani waliniita kunihoji, kwa kuwa habari za bati zilikuwa zimevuka mbuga ya Ruma na kufika zikiwa zimenenepa. Niliulizwa kama yule ndugu alilala kwangu. Nikasema alilala kwa mzee wa kanisa, na mzee huyo aulizwe. Waliridhika, ila kwa muda wanawake wa kwaya walinipisha kwenye benchi kwa upole kupita kiasi. Ochieng' alikuja kisiagini na kukaa juu ya gunia la mahindi, mtu mzima mwenye watoto wawili, akichora vumbini kwa kidole cha mguu. "Mama, mimi sikatai uolewe," alisema. "Lakini hii maneno ya Baba Oloo, mimi nitajenga wapi?" Ijumaa ile simu ililia jua likitua, nikaiacha ilie. Ijumaa iliyofuata pia. Nilifungua Sabato peke yangu, nikasoma kwa mpango, nikajua kila aliyesema na aliyeambiwa, na hakuna kitu kilichosagika.

Yule Mungu tuliyekuwa tumempata kwa kupokezana mistari hakuwa radhi nimtafute peke yangu. Au ndivyo nilivyoona wakati ule. Leo ningesema kwa uangalifu zaidi: nilikuwa nimejifunza kuomba nikisikilizwa, na sikuweza kusahau ladha yake.

Oloo ndiye aliyekuja Migori. Ilikuwa mwezi wa Juni, mguu wake ulikuwa umeanza kumsumbua, na alitoka kuonana na daktari akapita kisiagini kwangu. Kwa bahati ambayo sijui kuiita bahati, Marwa naye alikuwa amekuja asubuhi ile kuniuliza ana kwa ana kwa nini sipokei simu, na sikuwa nimemjibu, kwa sababu kulikuwa na wateja na mashine ilinguruma. Wakakaa wote wawili kwenye benchi la nje, debe la mtama wa mtu likiwa kati yao. Nilizima mashine. Mwenye kisiagi huzoea kelele kiasi kwamba kimya humjia kama mtu aliyeingia ndani. Nikasimama nyuma ya mlango, unga umenifunika hadi nyusi, nikawasikia.

Oloo alisema hana ugomvi na kanisa, wala na Wakuria, wala hata na lile bati, ambalo halivuji. "Shida yangu ni moja, Bwana Marwa. Huyu mama akifa, analala wapi?"

Kwetu hilo ndilo swali lenyewe. Mwanamke huzikwa alipoolewa, na mahali pake kando ya Zakayo palikuwa pamebaki wazi, panangoja, na mke asiyezikwa pake ni kama hakuwahi kuishi hapo, na watoto wake ni kama walitoka hewani. Nilijua Oloo hakuwa akinitesa. Alikuwa akimlinda ndugu yake asilale peke yake.

"Mchungaji atatuuliza kama tutaishi pamoja mpaka kifo," Marwa alisema mwishowe. "Hatatuuliza zaidi ya hapo. Siku hiyo njooni mumchukue."

"Unasema hivyo leo."

"Nasema leo kwa sababu siku hiyo sitaweza kusema."

Oloo alinyoosha ule mguu wake mbaya. Kisha akasema "Haya," neno moja, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo. Nilisikia wakishikana mikono. Walikuwa wanaume wawili waungwana, kila mmoja ametoa kitu kikubwa, na mimi nyuma ya mlango sikufurahi. Nikatoka.

"Mmemaliza kunizika?" niliwauliza.

Waliniangalia, mwanamke mweupe kwa unga tangu kichwani. Oloo ndiye aliyeanza kucheka, kisha akajizuia.

"Mimi nimewasikia," nikasema. "Mmepatana vizuri. Lakini hakuna aliyeniuliza."

"Basi tunakuuliza, nyar Muhuru," Oloo alisema. "Unataka kulala wapi?"

Niliona mahali pale kando ya Zakayo, majani yamekatwa vizuri. Niliona uwanja wa Marwa ambao nilikuwa nimeusikia tu kwa simu, na ng'ombe wake. Mimi ambaye nina jibu kwa kila kifungu cha lesoni niliwaambia sijui. Niliwaambia nitaolewa na Marwa, hilo najua, na nitabaki mama wa Ochieng' wa Kisegi, hilo pia najua, na lile la tatu nitalisema mwenyewe siku nitakayolijua, na mpaka siku hiyo hakuna atakayepatana juu yangu kwenye benchi.

Marwa alitazama chini. Nadhani aliumia, kwa kuwa alikuwa ametoa alichokuwa nacho na mimi nimekirudisha mezani. Lakini jioni ile, jua likitua, ikiwa Ijumaa, alibaki. Oloo pia alibaki, kwa sababu ya mguu. Tulifungua Sabato watatu, Mkatoliki wa Krismasi akiwa ameshika kitabu cha nyimbo juu chini, na kwa mara ya kwanza tangu Muhuru niliimba na Marwa bila kusubiri. Alikuwa bado anaburuta.

Tulifunga ndoa Agosti, mjini Homa Bay, kwa kuwa si kwao wala si kwetu. Kabla ya hapo Oloo alikuwa amemtangulia Ochieng' alfajiri na jogoo na shoka, akichechemea, na boma likasimama. Paa la Kisegi lilimaliziwa na fundi Mkisii kwa malipo yake kamili, na nyumba bado ni yangu. Naenda, nalala, nafagia, narudi. Nikiwa kule nautafuta ukimya wa Marwa, nikiwa huku naisikia mvua ya kule. Nilidhani ndoa ingenituliza. Imenipa watu wa kutotulia kwa ajili yao, jambo ambalo ni tofauti, na sioni kama ni dogo.

Juzi, baada ya udongo kufunika sanduku la Oloo, wanaume walikuwa wakifuta majembe, na Marwa alikuwa miongoni mwao, amechimba kama ndugu. Owuor, mdogo wa marehemu, ndiye mkubwa wa nyumba sasa. Alinijia kwa adabu mbele ya watu. Alisema kaburi la kaka limekula sehemu ya uwanja, na kwamba ukoo unapanga upya, na wanataka kujua kama pale pangu kando ya Zakayo waendelee kupaacha wazi.

Nilipatazama. Hapakunivuta wala hapakunisukuma.

"Pandeni mtama," nilimwambia. "Nikipahitaji nitasema."

Watu walicheka kidogo, cheko la msibani. Owuor hakucheka. Alipitisha macho juu ya bega langu, kama wanaume wanavyofanya wakitaka jibu la kweli, akamtazama Marwa.

Marwa aliegemea jembe lake.

"Si umemsikia," alisema. "Mtama."